Mininga Miwili Iliyokuwa Kwenye Ramani

Nasikia mmepewa bembea mpya za kulalia, nyepesi, zinazoingia kwenye mfuko wa suruali, na kwamba mnafundishwa kuzitundika kwa kutazama simu. Vizuri, sina ugomvi na simu. Lakini simu haitakuonyesha tawi lililokufa juu ya kichwa cha mgeni, wala haitakaa ndani ya bembea kabla yake. Kaa wewe kwanza. Kaa na matako yote mawili, urukeruke. Ukianguka wewe, mgeni atacheka na safari itaendelea. Akianguka yeye, hapo hacheki mtu.

Mimi naitwa Maganga. Kwa miaka ishirini na mmoja nimetundika watu kwenye njia ya zamani ya misafara, kutoka Tura kuja Tabora mjini, kisha kuteremka hadi Sikonge. Mke wangu hapendi niseme "nimetundika watu" mbele ya wageni, lakini ndiyo kazi niliyoifanya, niiteje? Mgeni anatembea kutwa pale walipopita wapagazi wa zamani, jioni anakuta kitambaa kirefu kimefungwa kati ya miti miwili, analala humo akiyumba. Asubuhi anasema ameuona msafara wote ndotoni. Sisi tunasema ndiyo, bwana, na tunakunja kamba.

Aliyenifundisha ni Mzee Kapela, mkuu wa kambi, mtu wa Tura. Zamani alikuwa fundi wa reli, na bembea aliifunga kama aliyetazamia treni ipite juu yake. Miti iwe hatua tano au sita, alisema. Mkanda wa kufungia uwe mpana kama kiganja, usimkate mti gome. Funga juu kuliko unavyodhani na uache kitambaa kilegee, maana bembea iliyokazwa sana humtema mgeni kama kokwa. Mlaze mshazari, hapo mgongo wake unanyooka. Na kabla ya yote, tazama juu.

Hilo la kutazama juu nililipuuza mwezi wangu wa kwanza, kule Sikonge. Nilimtundika bwana mmoja mpole kwenye myombo mzuri, kivuli kizuri, na futi nne juu ya pua yake kulikuwa na mzinga wa gogo, umejaa. Alipoanza kujigeuzageuza na kamba ikatikisa tawi, wenyewe walitoka kuuliza kuna nini. Yule bwana alikimbia akiwa bado ndani ya bembea, sijui aliwezaje. Mwenye mzinga alikuja mbio kutoka shambani, akampita mgeni aliyekuwa anaviringika mavumbini, akaenda kusimama chini ya mti na kuuliza kama nyuki wake wako salama.

Mara nyingine, upande wa Nzega, miti ikawa haba nikafunga bembea kati ya mikokoteni miwili ya ng'ombe iliyoegeshwa karibu na gulio. Niliona nimepata akili. Alfajiri wenye mikokoteni walikuja, ndugu wawili wasioongea sana, wakafunga ng'ombe wao na kuondoka, mmoja nyuma ya mwenzake. Kitambaa walikiona, wakadhani kila mmoja kimewekwa na mwingine. Mgeni wangu aliamka kwenye kituo cha kununulia pamba, yuko kwenye foleni ya mzani.

Lakini sikuwaiteni kwa ajili ya nyuki na pamba. Nimewaita niwaambie habari ya ile mininga miwili, kwa sababu mnaisikia kwa watu na mnaisikia vibaya. Wengine wanasema Mzee Kapela alichora ramani ya uongo. Ngojeni mimi niseme ilivyokuwa.

Tajiri wetu, Bwana Seifu, mzaliwa wa Tabora mjini, alikuwa ameona picha za watu wa nchi za mbali wanaolala kwenye bembea katika hifadhi za jangwa. Huko hakuna miti, kwa hiyo hufunga kwenye miamba na magari yao. Picha zile zilimwingia. Akarudi na bembea kumi na mbili na wazo kwamba safari yetu nayo iwe na jangwa.

Tukamwambia, Bwana Seifu, Tabora hakuna jangwa.

"Ile mbuga nyeusi ya katikati ina nini?" akauliza.

Tukamwambia haina kitu. Nyasi tu, na udongo unaopasuka kiangazi mpaka mguu unaingia.

"Basi hilo ndilo jangwa."

Wiki iliyofuata akapeleka kibao kikubwa cha mbao, KARIBUNI JANGWANI, akakisimika ndani ya mbuga. Kikawa ndicho kitu pekee kilichosimama wima kutoka upeo hadi upeo. Ndege wote wa eneo lile walihamia juu yake.

Sasa alitaka ramani ya mahali pa kulala, na akataka iwe mahali pa bembea, kwa sababu karatasi zake za matangazo ziliahidi kwamba mgeni hatagusa ardhi. Mzee Kapela alinigeukia mimi. Kabla ya kazi hii nilikuwa nakausha tumbaku ya mjomba wangu pembeni ya mbuga ile ile, nami nilijisifu kwamba naijua kama uwanja wa nyumba yetu. Nikachora. Pale ukingoni nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: mininga miwili, mikubwa, hatua tano.

Ilikuwepo, sikusema uongo. Nilipumzika kwenye kivuli chake misimu mitatu. Ila bani la kukaushia tumbaku linakula kuni usiku na mchana, nyinyi wa Urambo na Sikonge mnajua, na msimu wangu wa mwisho kuni zilituishia majani yakiwa bado mabichi. Mjomba akanipa shoka. Nilikata mmoja Jumatatu na wa pili Jumanne. Mtu aliyekata miti mia haikumbuki miwili. Nilipokuwa nachora ramani niliiona ile miti imesimama kabisa na majani yake, na mkono haukusita.

Wageni wawili mfululizo walikuwa wamelala chini msimu ule, mmoja kwa sababu ya mvua na mwingine kwa sababu ya siafu. Bwana Seifu alichukia. Alimwambia Mzee Kapela mbele yetu, pole pole, kama anamsomea hati: mgeni mwingine akikutwa chini, wewe mzee utarudi Tura ukapumzike. Na mzee yule hakuwa mtu wa kupumzika. Mkewe alikuwa ameshafariki, watoto wako mbali, na njia ile ndiyo iliyomfanya aamke. Aliniambia mwenyewe kwamba nyumbani kwake hata kuku walikuwa wanamwona mgeni. Hiyo ndiyo ilikuwa hatari yenyewe, siku tuliyofika kwenye mininga miwili.

Tulikuwa watatu na mgeni mmoja. Mimi, Mzee Kapela, na Shija mpishi, jitu la miraba minne lisilo na maneno. Mgeni alikuwa Mwalimu Zubeda kutoka Dar, mkuu wa shule mstaafu, mwenye mwili na sauti ya kutosha shule mbili. Alitembea na fimbo na kutuhesabu kila tulipovuka korongo. Bwana Seifu alikuwa atufuate kwa pikipiki saa kumi na kamera yake, ampige picha Mwalimu akiwa hewani jangwani.

Saa nane tulifika. Vilikuwepo visiki viwili, hatua tano kamili, na mti mwingine hakuna upeo wa macho.

Mzee Kapela alikizunguka kimoja, akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye makovu ya shoka. Mimi hutumia mkono wa kushoto. Anayekata kwa kushoto huacha mlango wa shoka, lile pengo la kwanza la kukatia, upande ambao watu wengine hawauachi, na kwenye kambi yetu mwenye kushoto alikuwa mmoja. Mzee aliinuka, akanitazama, akapangusa magoti.

"Hatua tano," alisema. "Hapo ulisema kweli."

Nikatamani ardhi ipasuke, na pale inapasuka kweli, ila si kwa kiasi cha mtu kuingia.

Mwalimu Zubeda akauliza kitanda chake kiko wapi. Tukamwambia tunakiandaa. Kwanza tulijaribu kibao cha Bwana Seifu. Kilikuwa mwendo mfupi tu, tukafunga ncha moja hapo na nyingine kwenye baiskeli yetu ya vyombo, tuliyoipakia mawe. Nikakaa mimi kama nilivyofundishwa. Kibao kiling'oka na kunilalia kifuani, na ndege wote wakaruka wakitutukana. Tukajaribu kuchimbia upya nguzo zake, lakini ule udongo wakati wa kiangazi haushiki nguzo, unaibembeleza tu. Saa tisa ikapita. Mwalimu alikuwa ameketi juu ya begi lake, anatutazama kama watoto waliosahau daftari.

Tulichokuwa nacho ni mti mrefu wa kuinulia turubai la jikoni. Mzee Kapela ndiye aliyeutazama, kisha akavitazama visiki.

"Pandeni," akasema.

Shija akapanda kisiki cha mbele, mimi cha nyuma. Tukaweka mti mabegani, bembea ikaning'inia katikati, na Mwalimu Zubeda akajilaza humo mshazari, bila wasiwasi, akajifunika kanga usoni kwa sababu ya jua. Picha ingeonyesha mgeni na hewa. Nani angepiga picha ya miguu yetu? Basi nikasimama juu ya kisiki nilichokikata mwenyewe, nikawa mti badala ya ule nilioukata. Bega liliwaka moto. Baada ya dakika kumi Mwalimu alikuwa anakoroma.

Hapo ndipo walipotokea watu watatu na baiskeli, wametoka gulioni. Na sasa nisikilizeni vizuri, hasa nyinyi mliokulia mjini. Kwetu, ukikutana na watu wamebeba mgonjwa kwenye machela, huulizi maswali. Unatoa pole, unalaza baiskeli, unaingiza bega. Aliyechoka anatoka, mwingine anaingia, na machela haiwekwi chini mpaka zahanati. Ndivyo tulivyokua, na ndiyo maana wengi wetu tuko hai.

Wale watu waliona nini? Mama mnene ndani ya kitambaa kilichofungwa kwenye mti, amefunikwa uso, na wabebaji wawili waliochoka mpaka wamekwama juu ya visiki.

"Poleni sana, ndugu zetu," mmoja akasema, akiwa tayari amelaza baiskeli. "Mmetoka mbali?"

"Sikilizeni," nikaanza, "huyu si mgonjwa. Ni mtalii."

"Hata watalii wanaumwa," akanijibu kwa huruma, akaingiza bega.

Mti ukaondoka, na mimi na Shija tukaondoka nao, maana ukiuachia ghafla mgeni anadondoka, na neno la Bwana Seifu lilikuwa mgeni asikutwe chini. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa nzima. Nyuma nilimwona Mzee Kapela ameshika kofia mkononi, kisha akainamia baiskeli ya vyombo.

Njiani waliongezeka. Mchunga ng'ombe aliacha ng'ombe. Wanawake wawili waliotoka kisimani walitufuata wakisema maskini, maskini. Tulikuwa kumi na mmoja Mwalimu Zubeda alipoamka.

"Vijana, mnanipeleka wapi?"

"Zahanati, mama. Tulia."

"Mimi ni mzima."

"Ndivyo alivyosema marehemu baba," mchunga ng'ombe akamnong'oneza jirani yake, na mwendo ukaongezeka.

Alijaribu kushuka. Wale wanawake wakamshika miguu kwa upendo na kumrudisha, wakisema homa imepanda kichwani. Akatutajia jina lake, shule yake, na majina ya marais wote kwa mpangilio, kuthibitisha akili zake. Watu wakatikisa vichwa. Mwishowe alikubali, ila akasema kama ni kubebwa basi abebwe kwa utaratibu, akaanza kutuhesabia hatua, kushoto, kulia, kushoto. Nakiri ilisaidia. Bembea iliacha kuyumba.

Bwana Seifu tulikutana naye barabarani. Alizima pikipiki, akavua miwani ya jua, akasema poleni, na kama mzaliwa wa Tabora mwenye malezi yake, akaingiza bega mbele yangu kabla ya kutazama ni nani aliyebebwa. Alitembea kidogo.

"Anaumwa nini?" akauliza bila kugeuka.

"Haumwi, Bwana Seifu."

Akageuza shingo. "Maganga?"

"Naam."

"Nani humu ndani?"

"Mgeni wetu."

Kuuachia mti hawezi, kupiga kelele mbele ya mgonjwa hawezi. Kwa hiyo aligombana nami kwa kunong'ona, kilomita nzima, kwa hatua za kushoto na kulia, na kila akinitukana mmoja wa wanawake alimwambia ajipe moyo, kwa Mungu yote yanawezekana.

Pale zahanati muuguzi alimpima Mwalimu kila kitu akakuta ni mzima kabisa. Wale waliotusaidia kubeba walikuwa wamesimama mlangoni na jasho, wanangoja kusikia. Mwalimu Zubeda aliwatazama, na hapo ndipo nilipomheshimu. Akashika kiuno. "Ni mgongo," akasema. "Unanivuta vibaya sana." Watu wakashusha pumzi, wakampa pole, wakarudi kwenye ng'ombe na baiskeli zao wameridhika. Muuguzi alimpa vidonge viwili na kumkataza kulala kwenye vitambaa.

Tukabaki wenyewe uani. Mzee Kapela alikuwa amefika, anatweta, ameegemea baiskeli ya vyombo. Bwana Seifu alitoa ile ramani mfukoni, akaikunjua.

"Nani aliandika kwamba pana miti?"

Nikafungua mdomo. Naapa nilifungua.

"Mkuu wa kambi ni mimi," akasema Mzee Kapela. "Ramani ni yangu."

Kisha akangoja. Hakunitazama, aliangalia gurudumu la baiskeli, lakini alingoja. Mwalimu Zubeda alikuwa amekaa kwenye benchi, na mwalimu ni mwalimu. "Aliyekosea anyooshe mkono," akasema. "Sitauliza mara mbili."

Mikono yangu ilikuwa nyuma ya mgongo na ikabaki huko. Nilikuwa na mtoto mchanga, nikajiambia. Nilikuwa naogopa kurudi kwenye bani, nikajiambia. Shija akatema mate pembeni. Bwana Seifu akakunja ramani.

Mzee Kapela aliondoka asubuhi yake kwenda Tura. Kabla ya kuondoka alinikabidhi mikanda yote, imekunjwa vizuri, akanionyesha ule ulioanza kuchakaa nisiutumie kwa mtu mzito. Kazi yake nikapewa mimi.

Mnayojivunia leo mbugani, ile miguu mitatu ya miti inayofungwa kileleni, seti moja kila upande wa bembea, isiyohitaji kuchimbia, nilibuni mimi msimu uliofuata. Mnaniita fundi kwa sababu yake. Niliibuni kwa aibu, kila kamba. Nilipanda pia mininga miwili pale pale kwenye visiki. Mmoja uliliwa na mbuzi. Wa pili unanifika kifuani, unaweza kutundika kuku.

Miaka kumi na minane nilipita stesheni ya Tura na wageni, kila safari, na kila safari nilikuwa na haraka. Mwezi uliopita nilistaafu. Nikapewa saa ya ukutani na hotuba, mtu akasema mimi ni mfano wa uaminifu. Sikumaliza chakula. Kesho yake nikapanda treni.

Nilimkuta amekaa mlangoni kwake kwenye kigoda, blanketi magotini. Macho bado yanaona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Maganga. Umenenepa."

Nikasema yote kwa mkupuo, nimesimama, kama mtoto anayesoma shairi. Kwamba mininga niliikata mimi, ramani niliandika mimi, na pale uani nilinyamaza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua pale pale kwenye kisiki," alisema. "Nilisema ramani ni yangu ili upate nafasi ya kukataa. Nikakungoja. Nikadhani labda kwa Bwana Seifu unaogopa, utakuja kuniambia mimi peke yangu. Treni ikipiga honi nilikuwa natoka nje. Mwaka wa kwanza, wa pili."

"Na baadaye?"

"Baadaye nilikuwa nakusubiri uje nikufukuze kwa fimbo." Alifunua blanketi kidogo, akanionyesha miguu yake iliyovimba, haifai tena hata kuvuka uwanja. "Sasa umekuja, na mimi siwezi kuinuka."